Somo la Ufundi: Springi Fupi au Koilova?



Katika ukurasa huu wa masomo tumezoea kuzungumza juu ya mkataba wa kazi, akiba, na usalama kiwandani. Leo tunaleta somo la ufundi wa magari. Huenda mwenzetu mmoja akauliza: springi za gari zinamhusu nini mfanyakazi anayekwenda kazini kwa miguu au kwa basi? Jibu letu ni kwamba zinamhusu. Wapo wafanyakazi wanaoweka akiba pamoja na kununua gari moja kwa matumizi ya wote. Fedha ya gari hilo ni jasho la watu wengi, na wanaopanda ndani yake ni wengi pia. Kosa likifanyika chini ya gari, hasara na hatari ni ya wote. Kwa hiyo tumeonelea tueleze yaliyotupata sisi, na yale tuliyojifunza.

A. MAMBO YALIYOTUPATA

Sisi tunaoandika somo hili ni wanachama kumi na wawili wa kikundi cha akiba, ikimina kama tunavyosema hapa Rwanda. Tunakaa Kinyinya, wilaya ya Gasabo, katika jiji la Kigali. Ni kilima kile ambacho wazee wanakikumbuka kwa minara ya redio ya Deutsche Welle, iliyorusha matangazo kutoka hapo tangu miaka ya 1960 hadi mwaka 2015. Wengi wetu tunafanya kazi kwa zamu katika viwanda vya Masoro. Zamu ya usiku ilikuwa inatusumbua, maana kila mtu alilipa pikipiki peke yake, na mvua ikinyesha hata pikipiki haipatikani. Tulichanga kwa muda wa miaka mitatu, tukanunua Toyota Corolla iliyokwisha kutumika.

Gari hilo lilitujia likiwa limeshushwa. Mwenye nalo wa kwanza alikuwa ameondoa springi za kiwanda na kutia springi fupi, ili gari likae chini na kupendeza macho. Vijana wetu walifurahi. Sisi wengine hatukujali, kwa kuwa injini ilikuwa nzima na bei ilikuwa ya kufaa.

Usiku mmoja tulikuwa watano ndani, pamoja na mizigo, tukishuka mteremko kuelekea nyumbani. Mwisho wa mteremko kuna tuta. Dereva hakuwa anakwenda mbio. Gari lilipopita juu ya tuta, nyuma kulitoka mshindo kama wa nyundo, gari likaruka, likayumba, na gurudumu moja la mbele likaning'inia juu ya mfereji wa mawe ulio kando ya barabara. Hakuna aliyeumia. Lakini tulisimama pale gizani kwa muda bila kusema neno, kila mmoja akifikiria watoto wake.

Kesho yake tulilipandisha gari juu ya jeki na kutazama. Shokapu za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta, zimekwisha kabisa. Vizuizi vya mpira vilikuwa vimepasuka vipande vipande. Tukaitisha mkutano. Hapo ndipo mawazo matatu yalipotokea. Wa kwanza walisema: tununue shokapu mpya tu, springi fupi zibaki. Wa pili, hasa vijana, walisema: tununue koilova, ili tuweze kupandisha na kushusha gari tupendavyo. Wa tatu walisema: turudishe springi za kiwanda. Kabla ya kupiga kura tuliamua kusoma kwanza. Haya ndiyo tuliyoyasoma.

B. SPRINGI NA SHOKAPU ZINAFANYA KAZI GANI

Wenzetu waliojifunza ufundi kwa Kifaransa huita springi resori, na shokapu huita amortisa. Majina ni mbalimbali, kazi ni ile ile.

Springi hubeba uzito wa gari. Ukiikandamiza inakunjika, ukiiachia inarudi. Mwingereza Robert Hooke alitangaza kanuni yake mwaka 1678: kadiri nguvu inavyoongezeka, ndivyo mkunjo unavyoongezeka kwa kipimo kile kile. Kilo mia zikikunja springi milimita 50, kilo mia mbili zitaikunja milimita 100.

Springi peke yake haitoshi. Gari lenye springi bila shokapu likipita shimo moja litaendelea kuruka juu na chini kama mpira. Shokapu ni pampu ya mafuta. Mafuta hupita kwa shida katika matundu madogo, na shida hiyo hugeuza mruko kuwa joto, gari likatulia. Kwa hiyo springi na shokapu ni mume na mke katika nyumba moja. Springi ngumu huhitaji shokapu yenye nguvu. Ukibadili moja bila kumfikiria mwenzake, nyumba haina amani.

Jambo la tatu ni nafasi. Kati ya gurudumu na mwili wa gari kuna nafasi ya gurudumu kupanda linapokuta jiwe au tuta. Mwisho wa nafasi hiyo kuna kizuizi cha mpira. Nafasi ikiisha, springi haifanyi kazi tena, na pigo lote huingia katika mwili wa gari na katika migongo ya waliokaa ndani. Ule mshindo tuliousikia usiku ule ulikuwa huo.

C. SPRINGI FUPI NI NINI

Springi fupi huwekwa mahali pa springi za kiwanda, na shokapu za zamani huweza kubaki. Kwa kawaida hushusha gari milimita 20 hadi 40. Watengenezaji wema huifanya springi hiyo iwe ngumu kidogo kuliko ya kiwanda, kwa sababu nafasi ya kukunjika imepungua.

Faida zake ni hizi. Bei yake ni ndogo kuliko ya koilova. Ikiisha kufungwa haina jambo la kurekebisha kila mara. Katika barabara ya lami iliyo laini, gari lililo chini kidogo halilali sana kwenye kona.

Hasara zake ni hizi. Urefu ni mmoja tu: ukitaka kupandisha gari siku ya safari ya shamba, huwezi. Shokapu ya kiwanda inalazimika kufanya kazi ikiwa imekwisha kusukumwa ndani, mahali ambapo haikupangiwa, na kwa hiyo huchakaa mapema. Hayo ndiyo yaliyozipata shokapu zetu.

Hapa hatuna budi kuonya juu ya desturi mbaya ya kukata springi. Wapo mafundi wanaochukua springi ya kiwanda na kuondoa mzunguko mmoja au miwili kwa msumeno, au kuichoma moto mpaka ilegee. Bei ni ya chini sana, lakini ni mtego. Springi iliyokatwa haikai vizuri katika kikombe chake, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka. Springi iliyochomwa moto imepoteza ugumu wa chuma chake, na haijulikani itavunjika lini. Jambo hili lisikubaliwe hata kwa bure.

D. KOILOVA NI NINI

Koilova ni springi na shokapu vilivyotengenezwa kama kitu kimoja, springi ikiizunguka shokapu. Lakini jina lisitudanganye. Magari mengi ya kawaida yana mpango wa namna hiyo mbele, uliobuniwa na mhandisi wa Marekani Earle MacPherson na kuanza kutumika katika magari ya Ford ya Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1940. Tofauti ni kwamba ile inayouzwa kwa jina la koilova ina hesi katika mwili wake, na nati kubwa zinazoshika springi. Ukizungusha nati hizo kwa spana yake, gari linapanda au linashuka. Nyingine zina pia kitufe cha kuongeza au kupunguza ukali wa shokapu.

Faida yake ya kwanza ni hiyo ya kurekebisha. Faida ya pili ni kwamba springi na shokapu zimepangwa pamoja tangu mwanzo, kwa hiyo haitokei ndoa ya lazima kama ile ya springi fupi na shokapu ya zamani. Wala si kifaa cha kushusha tu. Magari ya mashindano, kama yale ya Safari Rally iliyoanza mwaka 1953 au ya Mountain Gorilla Rally ya hapa Rwanda, hutumia springi zilizozunguka shokapu, lakini yao yana nafasi ndefu na gari limeinuliwa, maana barabara ni za mawe na vumbi.

Hasara zake pia ni nyingi. Bei ya seti yake ni mara kadhaa ya bei ya springi fupi. Hesi hujaa tope na kutu. Asiyeisafisha na kuipaka mafuta ya kuzuia kutu, baada ya misimu miwili ya mvua atakuta nati zimeshikana, na fedha aliyotoa kwa ajili ya kurekebisha imepotea. Nyingi zina springi ngumu. Nyingi zina beringi ya chuma juu, mahali ambapo gari la kiwanda lina mpira, na beringi hiyo ikichakaa hugonga kila mahali penye shimo.

Tena, kuna aina mbili. Katika aina ya bei ya chini, nati ile ile inayoshika springi ndiyo inayopandisha gari. Ukiipandisha sana, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka linapokuta shimo. Ukiishusha sana, springi inalegea na kugonga. Katika aina iliyo bora, sehemu ya chini nayo ina hesi yake, na gari hushuka bila kuipunguzia shokapu mwendo wake. Muuzaji akisema tu "ni koilova", muulize ni ya aina gani.

E. TUFANYE HESABU

Mzee mmoja kati yetu, fundi wa mitambo kiwandani, alituandikia hesabu ubaoni. Tarakimu hizi ni za mfano, si za gari fulani, lakini njia ya kufikiri ni ya kweli.

Tuseme gari likiwa tupu lina nafasi ya milimita 70 kabla ya gurudumu la nyuma kugusa kizuizi. Tuseme springi ya kiwanda inakunjika milimita moja kwa kila kilo 2. Watu na mizigo wakiingia, kila gurudumu la nyuma linaongezewa kilo 80.

1. Springi ya kiwanda: kilo 80 zinaikunja milimita 40. Nafasi inayobaki ni 70 kutoa 40, yaani milimita 30 za kupokea tuta.

2. Springi fupi iliyoshusha gari milimita 35, yenye ugumu wa kilo 2.5 kwa milimita: gari likiwa tupu limebaki na milimita 35. Uzito unaikunja milimita 32. Nafasi inayobaki ni milimita 3. Hata jiwe dogo litagonga kizuizi.

3. Koilova iliyoshusha gari milimita 35, yenye ugumu wa kilo 4 kwa milimita: uzito unaikunja milimita 20. Nafasi inayobaki ni milimita 15. Ni bora kuliko springi fupi, lakini springi hiyo ni ngumu mara mbili ya ile ya kiwanda, na dereva akiwa peke yake atahisi kila jiwe.

4. Koilova hiyo hiyo ikiinuliwa mpaka urefu wa kiwanda: nafasi inayobaki ni 70 kutoa 20, yaani milimita 50. Hapa vijana wetu walishangilia. Mzee akawauliza: "Ikiwa tutaipandisha mpaka pale gari lilipokuwa kabla ya kushushwa, tunanunua nini?"

Hatukucheka, kwa sababu swali lile lilikuwa zito. Hata hivyo kijana mmoja alijibu vizuri. Alisema koilova iliyoinuliwa ingeweza kutufaa kwa mzigo mzito, tena shokapu zetu zimekwisha kufa na lazima tutoe fedha. Neno lake lilikuwa la haki, nasi tuliliandika katika kumbukumbu za mkutano. Lakini tulipolinganisha bei, koilova moja nzuri ingemaliza akiba yote ya kikundi, na mwanachama akipata msiba tungekuwa mikono mitupu.

F. UAMUZI WETU

Tulipiga kura. Watu wanane walitaka springi za kiwanda pamoja na shokapu mpya nne. Watatu walitaka koilova. Mmoja alitaka shokapu mpya na springi fupi. Walioshindwa walikubali, na siku ya kazi wao ndio walioshika spana. Springi za kiwanda tulizipata kwa mfanyabiashara wa vipuri huko Gatsata, tukazikagua moja moja kama zina ufa au kutu iliyokula chuma. Shokapu tulinunua mpya, kwa sababu shokapu iliyotumika huwezi kuujua umri wake kwa kuitazama.

Gari sasa limesimama juu kama gari la mzee wa kanisa, na vijana wanalitania. Lakini linashuka mteremko ule na watu watano, linavuka tuta, na hakuna mshindo.

G. NAMNA YA KUCHAGUA

Hatusemi kwamba kila mtu afanye kama sisi. Mwenzetu anayetaka kuchagua ajiulize hivi:

Kwanza, gari linabeba nani na mzigo gani? Gari la kubeba watu wengi au mazao lisishushwe. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Mulindi, wilaya ya Gicumbi, wanajua barabara za udongo wakati wa mvua. Huko gari la chini litakaa juu ya tumbo lake katikati ya tope.

Pili, linapita wapi kila siku? Tazama matuta, barabara za mawe, mifereji, na daraja la zege la kuingilia uani. Pima kimo cha gari likiwa limejaa watu, si likiwa tupu.

Tatu, ikiwa ni gari lako mwenyewe, unaendesha peke yako katika lami nzuri, na unataka kulishusha kidogo tu mara moja, basi springi fupi za mtengenezaji anayejulikana zinatosha, pamoja na shokapu zinazolingana nazo.

Nne, ikiwa mzigo na barabara yako hubadilika, au unashindana, na una fedha na subira ya kuisafisha, basi koilova ya aina iliyo bora ndiyo inayofaa. Koilova ya bei ya chini kabisa ni mbaya kuliko springi za kiwanda.

Tano, baada ya kazi yoyote ya namna hii magurudumu yapimwe alaimenti, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Taa za mbele zielekezwe upya, na mipira ya breki itazamwe isivutike. Rwanda, ukaguzi wa magari hufanywa na Polisi ya Taifa. Waulize wakaguzi na kampuni yako ya bima kabla ya kumlipa fundi, si baadaye.

H. USALAMA WA ANAYEFANYA KAZI

Springi iliyobanwa ina nguvu ya mamia ya kilo. Fundi akifungua nati ya juu kabla ya kuibana springi kwa vibano vyake, inaweza kuruka na kumuua. Vibano viwe viwili, vikabiliane, na hesi zake ziwe nzima. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma. Springi na shokapu zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia. Bolti za bushi zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana zikikazwa gari likining'inia bushi zitapasuka mapema.

Na kila mwezi fanyeni jaribio hili lisilo na gharama: kandamizeni kona moja ya gari kwa nguvu, kisha mwachie. Likipanda na kutulia mara moja, shokapu ni nzima. Likiendelea kuchezacheza, au mkiona mafuta yamelowesha shokapu, msingoje tuta liwafundishe.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini shokapu ya kiwanda huchakaa mapema ikifungwa na springi fupi?
2. Rudieni hesabu ya sehemu E, mkiweka kilo 100 badala ya 80. Ni gari lipi litagonga kizuizi kwanza?
3. Katika kikundi chenu, nani huamua juu ya matengenezo ya mali ya pamoja: mwenye sauti kubwa, au mkutano baada ya kusoma?

Yule kijana wetu aliyetaka koilova bado anaweka akiba yake ya pembeni. Anasema atanunua gari lake mwenyewe na kulishusha. Tumemwahidi kwamba siku hiyo tutakwenda kumsaidia, nasi tutamletea vibano vya springi.